Shati Gani?

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha baada ya kunitesa wiki tatu, na chumba nilichohamia kina dirisha, kwa hiyo sina la kulalamika. Jino la wifi linaendeleaje? Mwambie aache kulibembeleza, aende akaling'oe, apige kelele zake dakika moja, yaishe.

Sasa habari yenyewe. Picha yetu imekwisha. Inaitwa *Nani Alizima Taa?* na itatoka mwishoni mwa mwezi ujao, na jumba lako la sinema limo kwenye orodha ya mwanzo kabisa. Waigizaji wakubwa wanane, Kaka! Yumo yule wa sauti ya pipa uliyembandika ukutani ulipokuwa kijana. Yumo yule bibi wa matangazo ya marashi, yumo mwimbaji, yumo bondia mstaafu. Mwenye hoteli anachomwa kisu taa zikiwa zimezimika, wageni wanane wamo ndani, na asubuhi mpelelezi anafika kuwahoji. Zaidi ya hapo sisemi, usije ukamaliza utamu mlangoni.

Nina maombi mawili. La kwanza, msiitangaze sana habari ya Mama kuwemo. Kipande chake ni kifupi na picha ni kubwa. La pili, bado una ile tabia yako ya kuwasha taa za ukumbi neno MWISHO likitokea tu, kabla majina ya mafundi hayajapita? Zamani nilikugombeza kwa hilo. Siku hizi naona ulikuwa na haki. Nani anayasoma majina yale? Wewe washa, watu waende kwao.

Mama mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako

27 Februari

Mkasi wangu,

Marahaba. Wifi yako ameng'olewa jino na fundi wa meno, naye karibu amng'oe fundi kidole. Sasa anakula upande mmoja na kusema kwa pande zote mbili. Paa la jumba bado linavuja juu ya mstari wa tatu, kwa hiyo mstari wa tatu nimewaachia wachumba, ambao hawajali.

Habari ya Mama umechelewa. Kila anayekuja kupunguziwa suruali anaoneshwa kipande kizima, huku sindano iko mdomoni. Nami nimekisikia mpaka nakiota. Kwamba mwongozaji alitaka dobi wa hoteli aone damu kwenye shati. Kwamba Mama, ambaye alikuwa ameitwa asimame tu na kikapu, akamwambia, "Baba, damu hutoka kwa maji baridi. Muuaji mwenye akili ataifua. Wewe tazama kifungo." Kwamba marehemu alikutwa na kifungo mkononi, basi muuaji alikaa akajishonea kingine, na uzi wa shingo ya kile kifungo umezungushwa kinyume, kwa hiyo mshonaji ni mtu wa mkono wa kushoto. Na kwamba mwongozaji alibaki kinywa wazi, akasema andikeni hivyohivyo. Picha nzima, anasema Mama, imening'inia kwenye kifungo chake.

Nakwambia hivi kwa sababu wewe uliondoka mapema hujui. Tangu Baba afariki, Mama aache jukwaa na kujifunga kwenye cherehani ili sisi tule, sijamsikia akiimba. Juzi aliimba. Alikuwa anakata kitambaa cha buluu, gauni la siku ya onyesho, akaimba mpaka wifi yako akazima redio ili asikilize. Wewe ndiye uliyempelekea jina lake kwa wale watu. Mungu akubariki kwa hilo, hata kama ulinikatia suruali ya sikukuu kumvisha mwanasesere.

Nataka kujua jambo moja tu. Mama anatokea dakika ya ngapi? Mashine ya picha nitamwachia wifi yako, nishuke nikae naye.

Kaka yako, Bwana Taa

16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole na paa, na wifi pia pole. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa barua yenyewe kuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Kazi zimenishika.

Kuhusu dakika, sijui nikwambie nini. Picha hubadilika kwenye meza yetu ya kukatia mkanda. Leo kipande kipo hapa, kesho kimehamia kule. Kaa naye tu.

Gauni la buluu. Angevaa lile lake la kahawia, linampendeza vilevile.

Mdogo wako

3 Aprili

Mkasi,

Sisi wazima. Mvua imepungua, wifi yako amerudi kutafuna pande zote.

Picha tumeionesha Jumamosi saa kumi alasiri. Viti vilijaa mpaka mstari wa tatu, wachumba wakahamishwa. Nusu ya waliokuja walikuja kwa ajili ya wale wanane, nusu kwa ajili ya Mama. Fundi viatu alifunga kibanda. Muuguzi aliyemzalisha wifi yako alikuja na sare zake. Mama alikaa katikati, gauni la buluu, mikono magotini, kila mtu akimpungia.

Sitaki kukuvunja moyo, ni kazi ya mikono yenu, lakini wewe ni damu yangu na sitakudanganya. Yule wa sauti ya pipa alishuka ngazi dakika nzima, nikaona ngazi zinaigiza kumshinda. Mwimbaji aliimba wimbo wote, beti zote, maiti ikiwa sakafuni. Bibi wa marashi alilia mara tatu bila kuharibu wanja. Bondia alivunja kiti, hatukuambiwa kosa la kile kiti. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kutazamwa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Manahodha wengi, chombo kikaenda mrama.

Kila mlango ulipofunguka kwenye picha, Mama alinishika mkono. Ukafunguka mlango, akatoka mhudumu. Ukafunguka mlango mwingine, akatoka paka. Nilikuwa nahesabu milango mimi.

Halafu mwishoni mpelelezi anawapanga wote ukumbini, anamnyooshea kidole daktari, anasema, "Nilijua ni wewe tangu nilipoliona lile shati." Kisha fundi viatu, kwa sauti yake ya kawaida, akauliza, "Shati gani?"

Basi. Ukumbi mzima ukalipuka. "Shati gani? Shati gani?" Watu waligonga viti. Mpelelezi alikuwa bado anaeleza, hakuna aliyemsikia. Wametoka wakicheka, wengine wakitukana, na nje wamezidi kuulizana. Sasa limekuwa neno la mji. Ukimuuliza mtu habari, anakujibu, "Shati gani?"

Mama hajambo.

Sasa niambie. Wewe ulikuwa kwenye meza hiyohiyo. Hukumwona aliyekata? Maana aliyekitoa kile kipande ametoa roho ya picha, na mimi namuombea mkono wake upate upele usiokunika.

Kaka yako

11 Mei

Mkasi,

Wiki tano sasa sijapata jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wakubwa walisema, na mimi sipendi kushtushwa.

Sisi wazima. Paa limezibwa. Mama hajambo, ila hataki kushona vifungo. Anakata, anaunga, anapiga pasi, lakini nguo ikifika kwenye vifungo anamwita wifi yako. Wateja wakija na shati wanaanza kucheka kabla hawajasema wanachotaka, halafu wanaona uso wake wanaacha. Wiki iliyopita aliweka kibao mlangoni: MASHATI HATUPOKEI. Gauni la buluu amelikunja ameliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka ya wageni.

Hataki tukuandikie kukuuliza. Naandika kwa kuiba. Kama unaumwa, sema.

Kaka yako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Siumwi. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Aliyekata ni mimi.

Ilikuwa hivi. Wale wanane kila mmoja ana mkataba kwamba uso wake usionekane chini ya dakika kumi na mbili. Wenye majumba makubwa nao wanataka picha isipite saa mbili. Sisi tulikuwa tumezidi kwa dakika mbili na nusu. Mkubwa wetu wa meza akasema, "Kata wasio na mkataba." Mlinzi wa lango alikuwa amekwisha kukatwa, mpishi amekwisha kukatwa. Alibaki dobi.

Nilisema, "Lakini shati linatajwa mwishoni." Akanijibu, "Watu wanakuja kuona nyuso, hawaji kuona mashati." Hapo ningeweza kubisha. Ningeweza kumwambia kwamba bila kifungo hakuna picha. Ningeweza kumwambia yule ni mama yangu. Sikumwambia hata siku moja, nilimtaja kama mwanamke ninayemfahamu, nilikuwa naona haya waseme naleta ndugu. Na wiki ile ndiyo majina ya mwisho yalikuwa yanaandikwa. Miaka sita nimefagia vipande vya mkanda sakafuni, Kaka, na hii ndiyo picha ya kwanza waliyoniahidi jina langu litapita. Nikaogopa. Nikashika mkasi kwa mkono huu wa kushoto, nikamtoa Mama, nikaunga pengo, nikalitazama mara mbili kama linaonekana. Halikuonekana. Mkubwa akasema kazi safi.

Ndiyo maana nilikuuliza habari ya taa. Nilitaka uziwashe kabla jina langu halijapita, Mama asijue nilikuwa mezani na mkasi mkononi. Ndiyo maana nilikwambia avae la kahawia. Nilikuwa na mwezi mzima wa kusema, nikaandika habari za kikohozi.

Upele niliupata, kama unataka kujua. Siyo wa mkononi.

Nakuomba usimwambie. Mwache amchukie mtu asiyemjua, ni nafuu kwake. Kipande sikukitupa. Nilikizungusha nikakitia kwenye kopo la biskuti, kiko chini ya kitanda changu, na usingizi unanipita.

Mdogo wako

15 Juni

Mkasi,

Marahaba. Kaa kitako kwanza ndipo usome.

Mama anajua. Anajua tangu Jumamosi ileile.

MWISHO ilipotokea, nilinyanyuka niende ukutani kuwasha taa kama desturi yangu. Mama akanishika mkono wa shati. "Usiwashe," akasema. "Nataka kusoma jina la mwanangu." Watu walikuwa wanatoka gizani wanagonga magoti kwenye viti na kunitukana. Tukabaki wawili. Yakapita majina ya wale wanane, makubwa kama milango. Yakapita ya madereva, ya wapika chai, ya mwenye paka. Karibu na chini kabisa likaja: MSAIDIZI WA UKATAJI, na jina lako lote, mpaka la Baba. Mama akapiga makofi matatu. Kisha mikono ikasimama hewani, nikaona ameelewa. Akasema, "Kumbe ni yeye," akaokota mkoba wake.

Nyumbani alinikataza. "Usimuulize. Atasema mwenyewe." Mimi nikashindwa kukaa kimya, nikakuwekea mtego, na nikakuombea upele huku nikijua ninayemuombea. Hilo unisamehe. Nilikuwa na hasira, na hasira za kaka mkubwa hazina breki.

Sitakuficha, ameumia. Siku moja tu ameligusa jambo hili, akiwa anapiga pasi. Alisema, "Kunikata ni haki yao, picha ni yao. Ila angeniambia nisishone gauni." Ni hilo tu, Mkasi. Siyo mkasi wako uliomuuma, ni barua zako.

Na wewe unadhani ile habari ya uzi kuzungushwa kinyume Mama aliitoa wapi? Nani mwingine wa mkono wa kushoto katika nyumba hii? Alijifunza kwa vifungo vya sare yako ya shule, ulivyokuwa unavishona mwenyewe asubuhi kabla ya kengele, kichwa kimeinama kwenye shati. Anasema mwongozaji alipompa lile shati, alikuona wewe.

Mkanda wa picha bado uko kwangu. Hakuna aliyeuulizia, hata panya hawautaki. Lete hilo kopo. Mficha uchi hazai, na wewe umekwisha kuvua. Hiyo ni amri ya mkubwa wako.

Kaka yako

2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, chooni, ili wasinione.

Kopo hili hapa. Fundi mmoja wa maabara ya kusafishia mikanda, mtu mwema asiyeuliza maswali, amenitolea nakala yenye sauti. Kibandike baada ya mwimbaji kufunga kinanda, kabla bondia hajavunja kiti. Safisha kingo kwa kitambaa kikavu, usitie mate kama ulivyozoea.

Jumatatu nilimwambia mkubwa wa meza kwamba dobi ni mama yangu, na kwamba kipande chake nimekipeleka kwao. Alinitazama sana. Akasema nitajua Ijumaa kama bado nina meza. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Mama mwambie... Kaka, sijui nini. Mwambie shikamoo.

Mdogo wako

22 Julai

Mkasi,

Marahaba nyingi. Sisi wazima kupita kiasi. Wifi yako anataka kung'oa jino la pili kwa furaha.

Nilibandika karatasi mlangoni: SHATI LIMEPATIKANA. JUMAMOSI SAA KUMI. Nakwambia walikuja kuliko mara ya kwanza. Walikuja kucheka, wamejiandaa, wengine wamevaa mashati yao mabaya kabisa. Mama alikataa kuja. Kisha akasema atakuja ila atakaa nyuma. Kisha, watu wamekwisha kukaa, akaingia na lile gauni la kahawia, akakaa mstari wa tatu, chini ya paa nililoliziba.

Walicheka kwenye ngazi, walicheka kwenye wimbo. Mwimbaji akafunga kinanda. Mlango ukafunguka, akaingia Mama na kikapu.

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Pale juu kwenye kitambaa alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, na hakuwa na haraka. Alilitoa shati, akaligeuza, akaweka kidole kwenye kile kifungo. "Huyu hakulala," akamwambia mpelelezi. "Mtu wa kulala hashoni." Wanane wale dakika kumi na mbili kila mmoja hawakupata kimya kama kile. Mama mwenyewe alikuwa anajitazama kinywa wazi, kama mwongozaji.

Mpelelezi alipofika kwenye "tangu nilipoliona lile shati," niligeuka kumtazama fundi viatu. Fundi viatu akasimama kitini, akanyoosha mkono, akapaza sauti, "Shati lile!" Ukumbi wote ukamuitikia. Walishangilia mpaka daktari alipofungwa pingu. Picha ni mbaya vilevile, nisikudanganye, ngazi bado zinamshinda yule bwana. Lakini sasa inaeleweka.

MWISHO ikatokea. Sikugusa taa, na hakuna aliyetoka. Majina yakapita mpaka yakafika karibu na chini. Mama akasimama, mgongo umenyooka, akawaambia watu wote, "Huyo wa kukata ni mwanangu." Akakaa.

Kibao cha mashati amekiondoa jana. Kuhusu meza yako hukusema Ijumaa ilikuwaje, nami siulizi, utasema mwenyewe. Kama umefukuzwa, kitanda chako kipo. Kama hujafukuzwa, likizo yako ipo.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Amelifumua lile gauni la buluu, amelikata upya kwa vipimo vyako vya zamani, na kama umenenepa shauri yako. Nilimuuliza kwa nini analiharibu. Akanijibu kwamba kitambaa hakijui aliyekikosea, kinataka mvaaji tu. Utaona limekamilika lote isipokuwa shingoni. Kifungo cha juu hakushona, amekifunga kwenye kikaratasi. Amesema uje ukishone hapa, mbele yake, kwa mkono uleule.

Kaka yako, Bwana Taa